Navalayo Aingia Katika Daftari la Wataalamu

Wapendwa mliofika kutufariji, tunayemsindikiza leo ni Mama Navalayo, aliyezaliwa Khwisero tarehe 9 Machi 1926, binti wa mfinyanzi, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane mwaka wa 1942, kisha akafundisha watoto wadogo Khayega, na tarehe 18 Desemba 1948 akaolewa na Philemon, wakajaliwa Mildred na Barnaba.

Mwaka wa 1957 aliajiriwa katika hospitali moja karibu na Kakamega, kazi yake ikiwa kuwaosha wagonjwa wa akili, lakini mama huyu hakuwa mtu wa kuambiwa akatulia, akawapa udongo na kalamu za rangi, na mzee mmoja aliyekaa miaka mitatu bila kutamka neno akafinyanga nyumba iliyoungua, akalia, akalitaja jina la mkewe.

Baada ya Uhuru alitakiwa asajiliwe kama wahudumu wengine, naye akahangaika sana, maana bila usajili kazi ile ingekufa naye, asiajiriwe mwingine wa kuiendeleza. Alipotakiwa kuleta ushahidi wa ujuzi wake, alifunga vyungu na michoro ya wagonjwa kwa majani ya migomba, akavituma kwa posta hadi ofisi ya usajili Nairobi, vyungu vikafika vikiwa vigae, na jibu likaja kwamba ofisi inapokea vyeti, si vyungu. Philemon alicheka hadi akashika mbavu, kisha akamwambia aende akavitafute hivyo vyeti, yeye atabaki akiwapikia watoto obusuma, ugali wetu, jambo ambalo mashemeji walilisema hadi wakachoka.

Januari 1966, akiwa na miaka thelathini na tisa, aliketi darasani Nairobi na wasichana wa rika la Mildred, akafaulu, na tarehe 2 Juni 1969 akasajiliwa kuwa mtaalamu wa tiba kwa kazi za mikono, hati akaisoma wodini kwa sauti, wagonjwa wakampigia makofi.

Aliugua figo Februari 1973, na akiwa kitandani alimtahini msaidizi wake Jeruto, akatia sahihi fomu zake za usajili, akatuacha tarehe 11 Mei.

Tunawashukuru madaktari, majirani walioteka maji na kupasua kuni, na wafanyakazi wenzake, maana tumeumia, hatufichi. Jana Jeruto alipokea barua kwamba amesajiliwa, na Jumatatu anaanza kazi katika nafasi ya Mama.

Pumzika kwa amani, Mama Navalayo, kazi yako imepata mwenyewe.