Majina Arobaini na Moja Ndani ya Mashine

Kijiwe chetu cha Pangani kiko ubavuni mwa duka la Kumail, tunayemwita Waranti kwa sababu hajawahi kuitoa. Mwaka huu wa tisini na saba kila kitu kimeruhusiwa kuingia nchini, ila umeme bado tunapewa kwa zamu. Asubuhi hiyo Mwinyijuma alikuja na kompyuta ya mapajani, mtumba aliouziwa na Waranti, akaiweka benchini katikati ya vikombe. Kesho bwana ardhi anakwenda Ushongo. Mwekezaji anautaka ufukwe, na kina Mwinyijuma wasipowataja wazee wao waliozikwa pale, pataandikwa pori. Mama yake alimtajia majina arobaini na moja akiwa kitandani, naye akayachapa. Mama tumemzika wiki iliyopita. Jana kafungua mashine, haina hata herufi. Nilichoka kabla ya kahawa.

— Hiyo ni hadiwea, akaanza Yasini, tunayemwita Profesa. Hadiwea ni chochote cha kushikika. Skrini, kibodi, betri.

— Na majina yangu? akauliza Mwinyijuma.

— Hayashikiki. Hiyo softwea.

— Muongo! akadakia Waranti. Softwea ni programu, ndiyo inayoiamuru mashine. Kinu na mchi ni hadiwea, ujuzi wa mtwangaji ni softwea. Majina ni unga.

— Haya, unga wangu uko wapi?

— Kwenye hadi diski, ghala la mashine.

— Basi chumvi ya bahari imepiga kufuli, akasema Profesa. Ianikwe juani.

— Juani itayeyuka! Ifukie kwenye mchele siku saba.

— Bwana ardhi anakuja kesho, Waranti! Kesho!

Mwinyijuma akaivuta mashine kwake. Nikamuuliza alikuwa akiizima vipi.

— Siizimi. Betri ilikufa tangu dukani kwa huyu. Nimeiacha kwenye waya siku tatu, usiku naifunika kanga ya mama. Ya nne umeme ukakatika, nikajua imelala tu.

Waranti akakiweka chini kikombe chake.

— Kuna kitu kinaitwa ramu, akasema polepole. Ile ni meza. Unachochapa kinakaa mezani mpaka uamuru kihifadhiwe, ndipo kiingie ghalani. Umeme ukikatika, meza inabaki tupu.

— Mbona hukunambia siku ile?

— Hukuuliza.

Ningempiga, lakini nguvu sina.

— Si lazima yawe yamepotea, Profesa hakukubali. Yamerudi na waya. Yako Hale, kwenye mitambo ya umeme. Twende tukayaombe.

Hakuna aliyecheka. Ndipo akapita Shadya, mpiga chapa wa ofisi ya kata.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Tukamweleza. Akatoa penseli na karatasi mkobani.

— Kaka Mwinyijuma na kaka Yasini si ukoo mmoja, nyote wa Ushongo? Tajeni, naandika.

— Babu yetu, Mzee Uweso, akasema Mwinyijuma.

— Na mkewe, Bi Saleha, akaongeza Profesa.

— Wa tatu?

— Yule bibi aliyekuwa kungwi, akasema Mwinyijuma.

— Jina lake?

Wakatazamana.

— Basi tuanzie juu. Baba yake Mzee Uweso aliitwa nani?

Profesa akaifunika mashine. Mimi nikajaribu kimoyomoyo kumtaja baba wa babu yangu, nikashindwa, nikaona haya. Mwinyijuma alikuwa analia waziwazi, mbele ya mtoto wa kike.

— Mama alimtaja siku ya kwanza, akasema. Mimi nilikuwa natafuta herufi.