Vitabu vya Gereza Vilipoungua, Waliniita Mimi

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu wa Kabondo, na ninyi mliovuka mto Tshopo asubuhi hii kuja kusali pamoja nasi. Mimi ni Petero, yule mpishi. Wengi mnanijua kwa pondu ya majani ya muhogo ninayopika sikukuu na kwa ugonjwa wangu wa kuuliza maswali. Nikikuona umefunga kitambaa mguuni, sikusalimu kwanza, nauliza umeanguka wapi. Mke wangu Marta husema nikifika mbinguni malaika watachoka nami siku ya kwanza. Basi leo niacheni nieleze jinsi ugonjwa huo ulivyotaka kuniangamiza, na jinsi Mungu alivyonitoa.

Jambo la kwanza mmelisikia barabarani, sasa lisikieni kwangu. Mimi si mtu wa Isangi. Marta ndiye wa Isangi. Mimi nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, katika kijiji ambacho nyumba zilikuwa kule na kisima kilikuwa Kongo. Mama alivuka mpaka mara tatu kwa siku na mtungi kichwani, wala hakuna aliyemwuliza kitu. Nilikuja hapa Stanleyville nikiwa kijana, wakati wa Wabeleji, nikapata kazi ya jikoni kwa Mzungu mmoja pale mtaa wa Makiso. Aliposafiri niliuza baiskeli yake. Aliporudi nikamwambia imeibwa, nikajifanya hata kulia. Nilifungwa miaka miwili.

Buloko, yaani gerezani, waligundua najua kupika, wakaniweka kwenye sufuria kubwa ya madesu, yaani maharage. Hapo ndipo ugonjwa uliponenepa. Kila mfungwa mpya alipokuja na sahani yake, nilimwuliza kabla sijampakulia: unatoka wapi, ulifanya nini? Mtu mwenye njaa hujibu haraka. Niliwakumbuka wote. Huyu wa Sudani, alipigana sokoni, hali samaki. Huyu wa Uganda, aliiba mbuzi wa misioni, anapenda ukoko. Kifungo kilipoisha, mkubwa wa gereza aliniajiri kwa kazi ileile na sufuria ileile, ila jioni nilikwenda kulala kwangu. Watu wa mtaa waliniona naingia na kutoka kwa nguo nyeupe, wakasema ni mpishi wa serikali. Sikuwasahihisha. Nikaoa, nikajiita mtu wa Isangi, wale watu wa mto, mimi nisiyejua hata kushika kasia. Wakwe zangu walicheka lakini walinisitiri.

Uhuru ulikuja, tukacheza. Kisha uasi ukaja, na hilo sisi wa hapa hatuhitaji kuelezana. Waasi walifungua milango ya gereza, na vitabu vyote vyenye majina ya wafungwa vikachomwa uani. Nilisimama nikitazama jina langu likiungua, na nilifurahi. Nasema kweli mbele za Mungu, nilifurahi.

Jeshi liliporudi mjini, watu walitafuta wa kulaumu. Ikasemwa kwamba wageni wa ng'ambo waliotoka gerezani ndio waliowaonyesha waasi nyumba za kuingia. Labda wengine walifanya hivyo. Lakini nani? Mtaani ikaundwa kamati, ikawa inakaa katika darasa la shule. Mwenyekiti alikuwa Papa Anselme, zamani karani wa mahakama. Kazi ya kamati ilikuwa kutoa orodha ya wageni waliowahi kufungwa, wapandishwe kamio, yaani lori, na kurudishwa mpakani.

Ndugu zangu, mabishano yalikuwa makali, nami nilining'inia dirishani nikiyafurahia kama mtoto anayelamba sukari. Tonton mmoja, mzee wa mtaa aliyeuawa mwanawe, alisema, "Wezi yetu wenyewe wanatutosha. Wa wengine warudi kwao." Nani angemjibu mtu kama huyo? Lakini mama mmoja muuza chikwange, ile mikate ya muhogo, alisimama. "Mutu alichapwa, alifungwa, akatoka," akasema. "Sasa munataka kumuchapa tena juu ya kosa ile ile? Na watoto yake walizaliwa hapa Kabondo. Hao mutawarudisha wapi?" Mimi nilikuwa nakubaliana na yeyote aliyesema mwisho.

Bon. Vitabu vimeungua, orodha itatoka wapi? Hapo mtu mmoja akasema, "Muite Petero. Yeye anakumbuka wote."

Ningeweza kukataa. Ningesema nimesahau, uzee unakuja. Lakini niliwekewa kiti karibu na mwenyekiti, nikaapishwa, na nikawaza moyoni kwamba aliyekaa upande huu wa meza hataulizwa ametoka wapi. Hofu na majivuno vilinishika mikono yote miwili. Siku ya kwanza nilitaja watu sita.

Wa kwanza alikuwa Drani, fundi wa viatu, yule wa mbuzi wa misioni. Mbuzi mmoja, tena zamani. Alipoitwa hakukana. Alisema tu, "Ni kweli. Mbuzi ilikuwa moja." Kesho yake kamio ya kwanza ilimchukua pamoja na mke wake na watoto watatu, kuelekea barabara ya Ituri; wale watano waliambiwa wangoje kamio ya pili uani mwa shule. Nilimwona akipandisha kigoda chake cha kazi, na askari akakishusha akisema hakuna nafasi. Nilirudi nyumbani nikala vizuri.

Siku ya tatu akaletwa Lado, mwashi, mtu wa Sudani. Huyo sikumtaja mimi. Jirani yake ndiye aliyemtaja, nami nilitakiwa kuthibitisha. Ndugu zangu, Lado na mimi tulilala chumba kimoja gerezani miezi kumi na moja, chini ya blanketi moja. Alijua habari ya baiskeli. Alijua kijiji changu. Alijua hata jina la mama yangu. Nilipomwona mlangoni sikungoja aulizwe. Nikasema haraka, "Ni yeye," ili aondoke haraka.

Papa Anselme akamgeukia. "Na weye, huyu mushahidi unamujua?"

Lado alinitazama. Niliona mwisho wangu, Marta na watoto wanne juu ya kamio. Akajibu, "Namujua. Iko mupishi wetu. Wakati niliumwa alikuwa ananiongezea madesu."

Nilingoja aendelee. Neno moja lingemtosha kunivuta chini pamoja naye, na hakulisema. Mimi ambaye sijawahi kukosa swali, nilikuwa na swali moja tu: kwa nini? Nililia pale mbele ya watu. Ndipo Roho wa Bwana aliponisimamisha.

Nikasema, "Papa Anselme, andika jina lingine. Andika Petero. Niliuza baiskeli ya patron yangu, nilifungwa miaka mbili, na niko mutu wa ng'ambo."

Marta alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Sikuthubutu kumtazama.

Papa Anselme aliweka kalamu chini. Karani wa mahakama ni karani mpaka kaburini. "Alors," akasema, "weye uliapa hapa kama mutu safi. Sasa unasema uko mufungwa. Neno ya mufungwa peke yake haifungi mutu. Donc, majina yote uliyotoa inaanguka."

Tonton aliyefiwa akaruka. "Na yeye mwenyewe? Amekiri!"

Papa Anselme akavua miwani, akaifuta. "Nani anasema alifungwa? Ni yeye. Na tumesema neno yake haisimami. Muniletee kitabu ya gereza, nitamuandika."

Watu wengine walicheka, wengine wakalaani. Tonton hakucheka. Alitoka nje akitema mate, na sikumlaumu, maana mwanawe hakurudi kwa kicheko chetu. Kamati ikavunjika siku ileile. Waliokuwa uani wakingoja kamio ya pili, Lado akiwa mmoja wao, walirudi makwao na magodoro kichwani. Nimewauliza watu wa sheria kama sheria hiyo ipo kweli, na kila mmoja ana jibu lake. Papa Anselme nikimwuliza, anakohoa.

Juma lilelile nilimfuata Lado kazini, nikamkuta anapiga ukuta lipu. Nikamwuliza kwa nini hakunitaja. Hakugeuka hata kidogo. "Kamio ilikuwa na watu wa kutosha," akasema, akaendelea kupiga lipu.

Namshukuru Mungu, ndugu zangu! Miaka mingi nilishtuka kila mtu alipobisha hodi, na sasa nafungua mlango. Marta alinuna mwezi mzima, si kwa sababu ya gereza, bali kwa sababu nilikaa katika kiti kile siku tatu. Alikuwa na haki.

Lakini kamio ya kwanza ilikuwa imekwisha kwenda. Tangu siku hiyo nawauliza madereva wa Ituri habari za Drani. Mwezi uliopita mmoja aliniambia kwamba pale Aru, karibu na mpaka, kuna fundi wa viatu wa jina hilo, na kwamba ng'ambo walimkataa kwa sababu watoto wake ni Wakongo. Kesho napanda kamio kwenda huko. Nataka kumwambia mbele ya watoto wake kwamba aliyemtaja alikuwa mwizi wa baiskeli, kisha nimwombe turudi wote. Papa Anselme ameniandikia barua. Kama wakubwa wa kule wataiheshimu, au wataniuliza karatasi zangu mwenyewe, sijui. Karatasi sina. Marta amelia, kisha amenifungia chikwange sita za njiani.

Msiombe tu nirudi salama. Ombeni nimkute. Na kama ndani ya nyumba hii kuna mtu ambaye mwenzake anapandishwa kamio kwa sababu yake, asingoje mpaka kamio iondoke kama nilivyongoja mimi. Mungu anapokea hata neno la mfungwa. Mtegemee, uje mbele hapa, useme. Mimi naketi.