Ukuta wa Nyuma ya Kabati

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, na linakaa kivulini mwa kibanda cha kinyozi mpaka saa tano, jua linapotufukuza. Wakazi wake ni wanne: Kinyozi mwenyewe, Bomba, ambaye ni fundi wa maji, Redio, asiye na kazi inayojulikana ila habari zote anazo, na mimi, ambaye wananiita Profesa kwa sababu ya shahada moja ya zamani ambayo haijawahi kunisaidia kupigilia msumari. Alhamisi ile, kahawa ilipomiminwa, niliwaambia kwamba ukuta wa chumbani, ule wa nyuma ya kabati, umelowa tena, na nguo za marehemu mke wangu zimeanza kuota ukungu. Binti yetu alikuwa anakuja Jumamosi kuzichukua.

— Tena? Bomba aliuliza. Si tuliupaka rangi ya mafuta?

— Mara mbili, nikasema.

— Basi ni bomba. Limepasuka ndani kwa ndani.

— Bomba gani, kaka? Kinyozi akadakia. Upande ule hakuna hata mfereji. Wewe kila ugonjwa ni bomba. Mtu akilia, bomba!

— Haya, sema wewe, daktari wa vipara.

— Maji yanapanda kutoka ardhini. Msingi haukuwekewa nailoni. Matofali yale yanakunywa kama wageni wa harusi.

— Chini ni pakavu, nikasema. Unyevu unaanzia usawa wa kifua.

Redio akaweka kikombe chini.

— Hapo sasa! Chini ya mtaa huu kuna mto.

— Umeambiwa chini pakavu, bwana, Kinyozi akasema.

— Mto wenyewe unapita juu juu.

— Redio!

— Jamani, lile ghorofa la kule mbele, mnadhani kwa nini walichimba wakaacha? Walikuta samaki. Hawana macho.

— Uliwaona?

— Wao ndio hawakuniona.

Tulicheka kidogo, kama watu waliokwisha kuchoka kabla ya kuanza. Bomba akanigusa goti.

— Profesa, tuvunje plasta yote. Kesho nakuja na nyundo.

— Njoo, nikasema. Kukataa kulihitaji nguvu ambazo sikuwa nazo.

Mlango wa pili, mama mmoja fundi cherehani aliyehamia Jumatatu alikuwa nje, anapindua ukosi wa shati. Alikuwa amesikia yote.

— Shikamooni, wazee. Samahani kuwaingilia. Dirisha la chumba hicho huwa linafunguliwa saa ngapi?

Bomba alinitazama. Kinyozi akatazama mkasi wake. Redio akakiokota kikombe chake.

— Nauliza tu, mama yule akasema. Nguo zikifungiwa pamoja na pumzi ya mtu, zinaota ukungu hata ukuta uwe mpya.

Nimelala katika chumba kile miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa nikiamka, dirisha liko wazi; nikirudi jioni, limefungwa. Sikuwahi kuuona mkono wa mke wangu ukilifungua. Tangu mazishi, miezi saba sasa, nimelitia komeo na kuziba matundu ya juu kwa magazeti, maana harufu yake bado ilikuwa kwenye nguo na sikutaka itoke. Humo ndimo ninamolala, ninamochemshia maji ya chai, ninamoanikia fulana.

— Sijui, nilimjibu.

Akaitika kwa kichwa, akakata uzi kwa meno. Bomba aliinamisha birika, likatoa machicha ya kahawa.

— Sasa na nyundo nije saa ngapi?

— Usije, ndugu yangu.

Nilirudisha kikombe, nikaenda nyumbani. Komeo la dirisha lilikuwa limeshika kutu, likataka mikono yote miwili. Nikayatoa magazeti, moja moja. Kisha nikafungua na kabati.