Viti vya Uchochoro Wetu

Asalaam aleikum, na wenzetu wa dini nyingine, hamjambo nyote. Niwieni radhi nisemee hapa nilipokaa. Kusimama naweza, lakini nikisimama mtautazama mguu na mtasahau kunisikiliza.

Mimi ni mtu wa hapa hapa Bofu. Nilikuwa nikitembeza kanga nyumba kwa nyumba. Mlionunua kwangu mwajua: kwanza nakusomea jina la kanga, kisha nakusimulia lamlenga nani, na ukicheka tu, umeshanunua. Mume wangu ametangulia mbele ya haki, kwa hivyo miguu hii ndiyo iliyonilisha mimi na binti yangu.

Asubuhi moja niliinama kufunga bunda la kanga, sikuinuka. Kiharusi. Upande wa kushoto wote ukawa kama si wangu. Niliporudi kutoka hospitali nililala nikitazama dari, nikisikiliza watu wakipita uchochoroni. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilimwonea wivu kila mwenye ndara. Ule mlio wake tu, pwata, pwata, ulinitoa machozi. Hata binti yangu mwenyewe, akiinuka kuniletea maji, namtazama miguu.

Binti akasikia habari za kikundi hiki chetu cha waliopatwa na kiharusi, akanileta kwa kiti cha magurudumu. Hapo nikamkuta mwenzangu mmoja, jina simtaji. Alikuwa mwalimu wa chuo, akisomesha watoto Kurani. Alipatwa baada yangu, lakini keshaanza kutembea! Mumewe amshika mkono, ampangusa jasho, nanyi mwampigia makofi. Nami nilipiga, mkono mmoja juu ya paja. Lakini ndani, wallahi, nawaka. Kwa nini yeye? Dada anayetufundisha mazoezi akiniambia, "Mama, leo kidole cha mguu kimecheza. Hiyo ni hatua." Mimi naona anibembeleza kama mtoto. Hatua gani, na mwenzangu anazunguka ukumbi mzima?

Wivu ule ukanishinda. Nikamwambia binti mimi siendi tena. Nikajigeuzia ukutani.

Basi, alasiri moja, bila hodi, pazia likasogea. Akaingia yeye. Peke yake, kwa miguu yake, mmoja akiukokota kidogo. Moto ukanipanda kifuani. Nikamwambia, "Umekuja kunionyesha kuwa watembea?"

Akakaa ukingoni mwa kitanda, akafungua mdomo. Midomo ikamtetemeka, mishipa ya shingo ikamsimama, sauti haitoki. Hapo ndipo nilipotambua kitu ambacho wivu ulinifumba macho nisikione: siku zote zile kikundini, sikuwahi kumsikia akisema. Kiharusi kilimwachia miguu, kikamchukulia maneno.

Akajigusa kifua. "Wi..." Nikangoja. "Wi... vu." Kisha akaninyooshea kidole mdomoni. "Wewe."

Mimi! Mtu huyu alikuwa akinionea wivu mimi! Kumbe pale kikundini, nilipokuwa nikinung'unika, nikibishana na dada wa mazoezi, nikimfokea binti yangu, yeye alikuwa akinisikiliza na kutamani hata yale maneno yangu makali yawe yake. Wanafunzi wake walikuwa wamepewa mwalimu mwingine. Tulilia, tumeshikana, mkono wangu mmoja na yake miwili.

Siku chache baadaye binti akafungua mlango wa mbele, akasema, "Mama, hebu tazama." Akaniegemeza mlangoni. Uchochoro mzima umejaa viti! Nje ya kila nyumba kimoja: kiti cha plastiki, kigoda, ndoo iliyopinduliwa, hata kochi lililovunjika mguu. Nikauliza, "Kuna msiba?" Binti akacheka sana.

Ni mwenzangu. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, zile zile nilizokuwa nikiuza kanga. Kusema hawezi, basi alishika kiti cha watu, akakitoa nje, akanyoosha kidole kwangu. Wakamwelewa. Kutoka mlango wangu hadi wake, kule mwisho wa uchochoro, hapakukosekana mahali pa kupumzikia.

Mara ya kwanza kutembea, binti akinishika kwapani, niliishia kwa jirani wa ubavuni. Nikakaa, nikapewa chai, nikarudishwa. Kufika nyumba iliyofuata kulinichukua wiki nyingi. Palepale nikaanguka. Bibi aliyeniinua hata pole hakunipa. Alinikung'uta mchanga, akasema, "Kesho nakungoja." Ningekosaje kwenda?

Siku niliyofika kwa mwenzangu nilikuwa na kanga begani, na masomo yakaanza. Mimi nasoma jina la kanga, yeye anafuatisha, kipande kwa kipande. Kuna moja imeandikwa "Msinisemeshe." Alipomaliza kuisoma mwenyewe alicheka hata akajifunika nayo uso.

Sitawadanganya kuwa wivu umekwisha. Juzi amevuka feri kwa miguu yake kwenda harusini Kisauni, nami nikabaki nimenuna. Aliporudi nikamwambia, "Nimekuonea wivu, mwenzangu." Akanijibu neno moja tu, bila kukwama: "Twende." Akaninyanyua, tukaenda hadi dukani kununua sukari.

Hilo ndilo nililojifunza. Wivu ukiufungia ndani, unaozea humo. Umwambie yule unayemwonea. Huenda naye ana lake analolilia, na huenda liko kwako.

Namshukuru binti yangu, aliyevumilia ulimi wangu. Namshukuru dada wa mazoezi; sasa najua kidole kikicheza ni hatua. Na nyinyi majirani, mnaokaa chini mikekani ili viti vyenu vibaki nje, Mungu awainue kama mlivyoniinua.

Nilikuwa na mengine, lakini namwona mwenzangu pale ameinua mkono. Ana la kusema. Litachukua muda, jamani. Mtu asimmalizie neno. Tumngojeeni.