Historia ya Dada Yetu, Mchoraji wa Rangi Zilizobaki

Ndugu, jamaa na marafiki, ukoo umenipa mimi kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, naye alijua fika kwamba nitayasoma kwa kinyongo, kwa hiyo mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya wawili, wa pili ni mimi, akasoma shule ya msingi ya mtaa wetu kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, ambako alichapwa kwa kumchora mwalimu mkuu akiwa na uso wa zambarau, na mwalimu mwenyewe akaondoka na mchoro.

Mwaka 1973 nilifungua karakana ya kuandika mabango, yeye akaja kukaa kona ya nyuma, akichorea rangi zilizobaki makoponi, waridi ya saluni, kijani ya duka la dawa, manjano ya basi la shule, akizipanga mawimbi kwa mawimbi mpaka unahisi ukuta unayumba. Wakusanyaji wa picha walianza kuja mwaka 1979 na hawajaacha mpaka leo, wamejaa safu tatu hapo mbele, karibuni, watu waliopita kando ya mabango yangu miaka yote bila hata kugeuza shingo, wakiambiana kwamba rangi zile dada alioteshwa. Alioteshwa wapi jamani, ni mabaki yangu! Nilimwonea wivu dada yangu, nasema mbele yake, wivu wa miaka arobaini na minne.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976 na shemeji yetu fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili, na wote wawili wananizidi kuchora.

Aliugua mapafu tangu Mei 2022, akafariki hospitalini tarehe 3 Oktoba 2023, saa nne asubuhi.

Juzi wakusanyaji walipokuja kutazama picha alizoacha, nilichomeka kati yake moja niliyoichora mimi, kwa makopo yaleyale na brashi yake mwenyewe, bila sahihi, nikasimama mlangoni kusubiri. Mama mmoja, mteja wa tangu mwanzo, alizipitia taratibu, alipoifikia yangu aliitoa, akanikabidhi mikononi kwa adabu, akaendelea na zilizobaki. Afadhali angenicheka. Ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu tufiwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliotupikia, mafundi wenzangu waliofunga kazi siku nne, na nyinyi wakusanyaji, macho yenu hayana kosa. Dada, umenishinda, nalisema mbele ya watu kama ulivyotaka siku zote, sasa pumzika kwa amani.