Moshi Mlangoni mwa Duka la Simu

Basi lilipoacha mtaa wa maduka wa Shangxiajiu, mzee Kuang alijifanya anasinzia, apate kusikia vizuri ugomvi wa kiti cha mbele.

"Bibiye, ni wewe uliyemchomea marehemu wako pesa za karatasi, zile za kupelekewa wafu, mlangoni kwangu," alisema mwenye duka la simu. "Mchana, wateja wamejaa. Nani atanunua simu penye matanga?"

"Mama yangu aliuza vifungo hapo hapo, kabla hujaja na maspika yako," alijibu mwanamke, vidole bado vina masizi. "Nimetoka mbali, Harbin, nimekuta taa, makelele na chai ya maziwa kila kona. Yeye hayupo."

"Si ungekwenda kaburini, kama wenzako?"

"Kaburi lipi? Kaka yangu alimwaga majivu yake mtoni, hakuningoja. Mtoni simjui mama. Namjua mlangoni pale, akinipulizia uji."

Mwenye duka alikohoa. Kuang alikuwa amesahau kusinzia.

"Haya, wewe uniombe radhi tu, dada, yaishe."

Basi lilisimama. Mwanamke akainuka na mfuko wake.

"Mwakani nitakuja tena," alisema. "Radhi sikuombi."