Utepe wa Serikali

Fundi cherehani alikaa basini nyuma ya afisa lishe na bibi mmoja wa milimani, masikio yote mbele. Afisa alikuwa amemzungushia mjukuu wa bibi utepe wa kupimia lishe mkononi. Ukasoma kijani: mtoto ana afya! Fundi, mpima mikono wa miaka mingi, hajawahi kuona utepe ukishangiliwa hivyo.

"Hiyo ndiyo serikali, bibi! Tangu tulete unga wa lishe, hajafa mtoto hata mmoja."

"Asante, baba. Ni mtamu, hadi babu yake anaudokoa." Basi zima likacheka. "Ila mwaka juzi tulipozika wanne, mlisema ni uzembe wa mama zao. Wakifa ni wetu, wakinenepa ni wa serikali?"

Kituo cha afisa kikafika. Akauvuta utepe wake. Mtoto anautafuna, haachii.

"Mwachie, baba. Si wa serikali, kama yeye? Basi ni wake."